Mwongozo kamili: kuchunguza dalili za demensia kwa mtu mzima mwenye ulemavu wa akili, kuanzia nyumbani mpaka kwa daktari

Story ninazopata kuhusu demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaomwondolea mtu kumbukumbu na uwezo wake kidogo kidogo, zinafanana mno. Mtu anampeleka dada yake au mjomba wake mwenye ulemavu wa akili hospitali hapa Mwanza, wametoka Magu au Sengerema alfajiri, foleni mpaka saa sita, wakiingia kwa daktari anasema "dokta siku hizi amebadilika, anasahau sana". Daktari anauliza, zamani alikuwa anaweza nini? Kimya. Au jibu linakuwa "alikuwa vizuri tu". Wanarudi na vidonge vya maumivu na maneno kwamba ndivyo alivyo tangu kuzaliwa.

Mara nyingi kinachokosekana hapo ni kumbukumbu ya alivyokuwa. Mtu mwenye ulemavu wa akili huwezi kumlinganisha na jirani wa umri wake, wala na mwenzake mwenye ulemavu, unamlinganisha na yeye mwenyewe wa mwaka jana, basi. Daktari hamjui wa mwaka jana, unayemjua ni wewe. Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika nyumbani kabla hujapanda daladala.

## Nani aanze, na lini

Kama ana Down sindromu, andika hali yake akiwa na miaka 30 hivi wakati bado yuko fiti, alafu kuanzia 40 mchunguze kila mwaka hata kama huoni shida yoyote. Sababu ni hii: mtu mwenye Down ana kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili, na kwenye hiyo kromosomu ndo kuna jeni inayotengeneza protini ambayo mabaki yake, yanayoitwa amiloidi, hurundikana kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, aina ya demensia inayoonekana zaidi. Akifika 40 karibu kila mmoja wao anakuwa ameshaanza kuwa na mabadiliko hayo kichwani. Dalili za nje zinakuja baadaye, wengi wakiwa kwenye miaka ya 50, lakini wengine mapema zaidi.

Kama ulemavu wake una sababu nyingine, anza akifika 50, au siku yoyote ukiona amebadilika.

Hujui umri wake? Wengi huku kwetu hawana cheti cha kuzaliwa. Tumia matukio, uliza wazee: alizaliwa kabla ya vita vya Kagera vya 1978 au baada? Mwalimu anaachia madaraka 1985 alikuwa anatembea? Meli ya MV Bukoba inazama 1996 alikuwa na ukubwa gani, alikuwa anabeba maji au bado? Ukipata makadirio ya miaka mitatu minne yanatosha.

## Hali ambazo hazisubiri mwongozo huu

Demensia inakuja polepole, miezi mpaka miaka. Ukiona haya yafuatayo acha daftari, nenda hospitali siku hiyohiyo:

- Amebadilika ghafla ndani ya masaa au siku chache, anaweweseka, hajui alipo, anasinzia mchana kutwa. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, nimonia, sukari, au upungufu wa maji.
- Mdomo umeenda upande, mkono au mguu umelegea ghafla.
- Kifafa cha mara ya kwanza ukubwani.
- Ana Down alafu mwendo wake umeharibika, anajikwaa, mikono haina nguvu, ameanza kujikojolea, shingo inamuuma au ameikaza upande mmoja. Baadhi yao mifupa ya juu ya shingo imelegea na inaweza kubana uti wa mgongo. Asiguswe shingo na mtu wa masaji wala fundi wa kuunga mifupa. Kuzungusha shingo kunaweza kumpoozesha.

## Vifaa

Andaa vyote kabla ya kuanza, ukianza nusunusu utaishia katikati.

- Kaunta buku moja, iwe ya mtu huyo tu, isichanganywe na hesabu za dagaa
- Peni mbili
- Simu inayopiga vidio, na memori kadi yenye nafasi
- Picha za zamani za familia
- Kadi zote za kliniki, vyeti vya hospitali, na dawa ZOTE anazokunywa zikiwa kwenye pakiti zake, hata za mitishamba
- Watu wawili wanaomjua kwa angalau miezi sita na wanaomuona karibu kila siku
- Fomu ya NTG-EDSD, yaani karatasi ya maswali ya kuangalia dalili za mapema za demensia kwa watu wenye ulemavu wa akili. Inapatikana bure mtandaoni, nenda stesheneri wakuprintie. Si kipimo cha kutoa jibu la ugonjwa na haina maksi za kufaulu au kufeli, kazi yake ni kupanga unachokiona ili daktari akisome haraka. Kama Kiingereza kinakusumbua usihangaike, hatua ya 3 hapa chini inakupa namna yake ya kuuliza.

Kuhusu wale watu wawili, mmoja asiwe wa nyumba yako. Anaweza kuwa mama wa genge ambaye humtuma kila asubuhi, au yule anayeanika naye dagaa pale mwaloni. Watu wa nje huona vitu ambavyo sisi tumeshavizoea.

## Hatua ya 1: Ongea naye mwenyewe kwanza

Mwambie unataka kufanya nini, kwa lugha anayoielewa, kama ni Kisukuma au Kikerewe tumia hicho. "Nataka kujua unaendeleaje, nitaandika, nitakupiga vidio ukichemsha chai, ni sawa?" Akikataa vidio, andika tu. Akikataa leo, rudi wiki ijayo.

Sababu ya kwanza ni heshima, ni mtu mzima huyu. Ya pili, mtu akijua anapimwa bila kuambiwa anaogopa, na mtu mwenye hofu hufanya vibaya hata anachokijua. Alafu muulize mwenyewe: kuna kitu siku hizi kinakushinda? unaumwa wapi? Wengi wetu hatuwaulizi kabisa, tunamuuliza aliyemleta, na yeye yupo hapohapo anasikia.

Tahadhari, usimjadili mbele yake na majirani, na usiruhusu mtu amwite jina la kumdhalilisha kisa anasahau.

Umefanikiwa kama amekubali na anajua daftari ni lake, wengine hata hulishika wenyewe na kulitunza chini ya godoro.

## Hatua ya 2: Andika alivyokuwa akiwa bora kabisa

Kurasa tano za mwanzo za daftari ni za hii. Unaandika alichokuwa anaweza kwenye kipindi chake kizuri kuliko vyote, hata kama ni miaka kumi iliyopita.

Usiandike "alikuwa anajitegemea", neno hilo halimsaidii daktari. Andika kwa kitendo: alikuwa anaoga mwenyewe lakini maji anawekewa, anafunga vifungo vya shati isipokuwa cha shingoni, anaenda bombani na kurudi na ndoo bila kusindikizwa, anatumwa vitu viwili dukani anavileta, vitatu anasahau kimoja. Anaparua samaki na kuwatoa utumbo. Anajua majina ya watoto wote wa kaka. Anaimba kanisani. Hesabu ya hela hajawahi kuijua.

Hiyo sentensi ya mwisho ni ya muhimu kuliko unavyodhani, yaani vitu ambavyo HAJAWAHI kuviweza viandikwe pia, maana hivyo ndo vinavyowachanganya madaktari. Akiulizwa leo tarehe ngapi, Rais ni nani, mia moja toa saba ngapi, akashindwa, mtu anaandika ana shida ya kumbukumbu wakati hajawahi kujua tarehe maishani mwake. Vile vipimo vya maswali vinavyotumika kwa wazee wengine havimfai. Kwake vinatoa matokeo mabaya hata akiwa mzima, na kwa mwenye ulemavu mdogo anayeongea vizuri vinaweza kukupa moyo wa bure.

Andika pia: alisoma mpaka wapi, anaongea lugha gani, macho na masikio yalikuwaje, magonjwa aliyonayo, kifafa kama kipo kilianza lini.

Umefanikiwa kama mtu asiyemjua kabisa akisoma kurasa hizo anaweza kueleza siku ya kawaida ya ndugu yako toka anaamka mpaka analala.

## Hatua ya 3: Jedwali la safu nne

Hapa ndo moyo wa kazi yote. Ukurasa mpya, upande wa kushoto andika swali, kulia chora safu nne:

1. Yuko hivi siku zote
2. Siku zote yuko hivi ila sasa imezidi
3. Ni jambo jipya, limeanza ndani ya mwaka huu
4. Haimhusu

Ndo mtindo wa fomu ya NTG-EDSD yenyewe na ndo unaotenganisha ulemavu wake na ugonjwa mpya. Tiki nyingi kwenye safu ya 1 maana yake ndivyo alivyo. Tiki zikianza kuhamia safu ya 2 na ya 3 una jambo la kumpelekea daktari.

Maswali yapange kwa makundi. Kujihudumia: kula, kuoga, kuvaa, choo, je anavaa nguo nje ndani, anahitaji kuelekezwa kitu alichokuwa anafanya bila kuambiwa? Kuongea: maneno yamepungua, haanzishi tena mazungumzo, hafuati maelekezo ya hatua mbili? Usingizi: anaamka usiku na kuzunguka, analala mchana? Kutembea: anaogopa ngazi, mawe, mtaro, anasita kwenye mstari wa kivuli au sakafu inapobadilika rangi? Kumbukumbu: anapotea njia anayoijua, hatambui watu, anaweka vitu sehemu za ajabu kama viatu kwenye sufuria?

Kundi la tabia nataka mlikazie macho. Kwa mtu mwenye Down, ugonjwa huu mara nyingi hauanzi na kusahau. Unaanza na hulka: aliyekuwa mcheshi amenyamaza, hataki tena kwenda kwaya, amekuwa mbishi, anakaa tu ukutani, hamalizi kazi aliyoianza, analia bila sababu inayoonekana. Familia inasema amekuwa mvivu, au jeuri, anachapwa maneno. Wengine Kanda yetu hii wanakimbilia kusema amechezewa, anapelekwa kwa mganga anakaa huko miezi, hela inaisha na muda wa kugundua tatizo linalotibika unaisha. Kila badiliko la hulka liandikwe na mwezi lilipoanza.

Kila shahidi ajaze lake peke yake bila kuangalizia la mwenzake, alafu mkae mlinganishe. Mkitofautiana usifute, andika majibu yote mawili, tofauti yenyewe ni taarifa (labda nyumbani haongei ila sokoni anaongea, hapo unaanza kuangalia nyumbani kuna nini).

Umefanikiwa kama kila tiki ya safu ya 2 na ya 3 ina mfano mmoja halisi na mwezi wake. "Mwezi wa tatu alishindwa kurudi kutoka bombani, alikutwa njia ya Buzuruga." Hiyo daktari anaielewa mara moja.

## Hatua ya 4: Vidio za kazi zilezile

Chagua kazi nne au tano anazozijua kwa miaka, sio za kumfundisha leo. Kukunja khanga, kuchemsha chai, kufunga viatu, kutaja waliomo kwenye picha ya familia, kwenda mpaka kwenye kitu fulani uani na kukileta. Piga vidio fupi ya kila moja, dakika mbili zinatosha, asubuhi akiwa ameshiba na hajachoka. Taja tarehe mwanzoni mwa vidio.

Mwaka kesho rudia kazi zilezile, sehemu ileile, muda uleule. Ukibadilisha jiko au chumba umeharibu ulinganisho.

Usimsaidie haraka. Akikwama subiri kidogo, alafu mpe dokezo la maneno, akikwama tena muoneshe kwa mkono, na uandike amehitaji msaada wa ngazi gani. Mtu aliyekuwa anachemsha chai bila neno na sasa anahitaji kuoneshwa majani yako wapi, tofauti hiyo ni kubwa kuliko swali lolote la karatasi. Na jiko la mkaa lisiachwe mikononi mwake peke yake wakati mnarekodi.

## Hatua ya 5: Ondoa vitu vinavyojifanya demensia

Hatua hii ndo wengi huiruka na ndo yenye matumaini zaidi, kwa sababu vingi hapa vinatibika. Pitia kimoja kimoja.

Masikio. Simama nyuma yake asikuone, mwite kwa sauti ya kawaida, kulia na kushoto. Watu wenye Down wana vijia vya masikio vyembamba, nta inaganda na kuziba, mtu anaonekana haelewi kumbe hasikii. Nenda zahanati au kituo cha afya waangalie kwa kifaa chao. Usichokoe na njiti wala kalamu.

Macho. Mtoto wa jicho kwao huja mapema. Anayeogopa ngazi, anayekosea kikombe, anayemsahau mtu mpaka aongee, kapime macho kwanza.

Tezi ya thairoidi. Kwa wenye Down ni tatizo la kawaida sana. Ikifanya kazi chini ya kiwango mtu anapooza: mzito, baridi inamsumbua hata jua la saa nane, ngozi kavu, choo kigumu, ananenepa, anasahau. Kipimo ni damu, kinaitwa TSH, na dawa yake ni kidonge cha kila siku. Mwenye Down asiambiwe ana demensia kabla ya kipimo hiki.

Maumivu. Asiyeongea vizuri hawezi kukwambia jino linauma. Anaacha kula, anajipiga shavuni, anakataa kuguswa. Angalia mdomoni, tumbo, miguu, na muulize choo alienda lini.

Usingizi. Lala chumba kimoja naye usiku mmoja usikilize. Akikoroma kwa nguvu alafu pumzi inakata kidogo na kuanza tena kwa kushtuka, ubongo wake haupumziki, mchana atakuwa kama mtu aliyepotea.

Msiba na kuhama. Hili linaniuma. Mama aliyemlea miaka 50 amefariki, familia inaamua asiambiwe kwa sababu hataelewa, hapelekwi makaburini, anahamishwa kutoka Ukerewe kuja Igoma kwa kaka yake ambako hajui choo kiko wapi wala nani ni nani, baada ya miezi miwili anajikojolea na haongei, wanasema akili zimeisha. Huyo anaomboleza na yuko ugenini. Mwambie ukweli kwa maneno mafupi, mpeleke kaburini, mpe kitu cha mama yake akae nacho, muoneshe choo kila siku mpaka akizoee. Andika kwenye daftari vifo vyote, kuhama, na mtu yeyote aliyeondoka nyumbani ndani ya miaka miwili. Uliza pia kama kuna mtu anamuumiza au kumnyanyasa, na uliza akiwa peke yake.

Sonona. Ukimwona hataki kula, halali, halii wala hacheki kwa wiki nyingi, mwambie daktari kwa maneno hayohayo. Sonona inatibika na inafanana mno na demensia ya mwanzo.

Dawa. Dawa za kifafa kama fenobabitoni zikizidi humpunguza mtu kasi. Amitriptilini, dawa za kutuliza, na zile za mafua na mzio zinazoleta usingizi, zote zinaweza kuvuruga kumbukumbu. LAKINI usimwachishe dawa ya kifafa mwenyewe. Ikikatwa ghafla inaweza kuleta kifafa kisichokoma, ambacho kinaua. Peleka pakiti zote, daktari aamue.

Umefanikiwa kama kila kipengele kina jibu: sawa, kuna shida, au apimwe.

## Hatua ya 6: Hospitali

Anzia kituo chenu mpate rufaa, kutoka hapo hospitali ya mkoa ya Sekou Toure au hospitali ya rufaa ya Bugando kulingana na mtakavyoelekezwa. Bugando kuna idara ya afya ya akili. Beba kadi ya bima kama anayo, na kama malipo ni mlima, ombeni kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kukata tamaa na kurudi nyumbani.

Karatasi moja tu iwe juu ya daftari, ufupisho: umri, sababu ya ulemavu kama inajulikana, alikuwa anaweza nini, nini kimebadilika na mwezi gani, mmeshaangalia nini hatua ya 5, anakunywa dawa gani. Daktari hana nusu saa ya kusoma kurasa arobaini, ila anayo dakika moja ya karatasi hiyo, akitaka zaidi unafungua.

Uliza kuhusu vipimo hivi, kwa adabu lakini usione aibu: TSH, damu yote kwa ujumla (upungufu wa damu humchosha mtu na watu wa mwambao tunajua kichocho na minyoo vinavyofanya), sukari, mkojo, figo, malaria kama kuna homa, VVU na kaswende, vitamini B12 ikiwezekana. Picha ya kichwa daktari ataamua, haihitajiki kwa kila mtu na mwingine hawezi kutulia kwenye mashine bila dawa ya usingizi.

Ukiambiwa "ndivyo walivyo", usigombane. Fungua vidio ya mwaka jana, alafu ya mwaka huu. Sema: "Dokta, ulemavu huu anao tangu kuzaliwa, ila hiki kimeanza mwezi wa tatu." Rudia hivyohivyo kama akizunguka. Nimeona sentensi hiyo ikigeuza mazungumzo yote.

Mtu mmoja abaki na mgonjwa nje akihangaika, beba maji na chakula anachokipenda, na ombeni kama inawezekana aingie mapema, kelele za foleni zinaweza kumvuruga mpaka akifika ndani haongei kabisa.

Umefanikiwa kama mmetoka na majibu ya vipimo mkononi, tarehe ya kurudi, na jina la tatizo linalofuatiliwa, hata kama jina hilo bado ni "tunaangalia".

## Hatua ya 7: Baada ya majibu

Kuna njia tatu. Limepatikana tatizo linalotibika: mtibu, alafu rudia jedwali baada ya miezi mitatu mpaka sita uone kama tiki zimerudi nyuma. Hakijapatikana kitu na mabadiliko ni madogo: rudia baada ya miezi sita. Mabadiliko yanaendelea na vingine vyote vimeondolewa: hapo ndo daktari anaweza kusema ni demensia.

Ikiwa ndiyo, dawa zipo kama donepezili, haziponyeshi wala hazisimamishi ugonjwa, na zinaweza kushusha mapigo ya moyo kwa hiyo wenye shida ya moyo, na wenye Down wengi wanazo, wapimwe moyo kwanza. Usiuze ng'ombe kwa mtu yeyote anayekuahidi kumrudisha alivyokuwa.

Kinachosaidia sana ni nyumba kutulia. Kikombe kilekile, kiti kilekile, ratiba ileile. Taa ya usiku njia ya chooni. Usimwambie "si nimekwambia sasa hivi", mjibu upya, yeye ndo anauliza kwa mara ya kwanza. Andika namba ya simu kwa uzi kwenye ukosi wa shati. Kifafa kikianza kwa mtu mwenye Down aliyepita 40 mara nyingi kinaandamana na demensia, kwa hiyo kuanzia hapo asiende ziwani peke yake kuoga au kuchota maji, asipande mtumbwi bila mtu na boya, na jiko liinuliwe mbali naye.

Kula nako kutabadilika. Akianza kukohoa wakati wa kula au kunywa, mkalishe wima, tonge dogo, usimharakishe, na mweleze daktari maana chakula kikiingia mapafuni kinaleta nimonia. Sato atolewe mifupa yote kwa mkono, dagaa wasagwe kwenye mchuzi, ugali ulainishwe.

## Hatua ya 8: Kurudia kila mwaka

Chagua siku isiyosahaulika. Nane Nane ni nzuri, watu wako mapumzikoni na wengi wanarudi nyumbani, ndugu wawili watatu wanapatikana kwa wakati mmoja wa kujaza jedwali. Kurasa mpya, usifute za zamani, vidio mpya ziwekwe kwenye faili moja na za zamani.

Mkibadilisha mlezi, rudieni baada ya miezi sita tangu mlezi mpya aanze, akiwa amemzoea, na mlezi wa zamani asimame kama shahidi wa pili.

Mwisho kabisa piga fotokopi ya zile kurasa tano za mwanzo, moja impelekee mtu wa nyumba nyingine, shangazi au jirani mnayeaminiana, na vidio zihamishie kwenye simu yake. Walezi wengi wa watu hawa ni mama zao wenye miaka 70 na 80, na akiondoka mama bila karatasi hiyo hakuna atakayebaki anayejua kwamba huyu mtu alikuwa anaimba sauti ya pili kwaya na kuparua samaki ndoo nzima kabla ya saa nne.